Bwana Anayepokea Simu ya Dada

Kituo cha bwawa, 4 Februari

Dada yangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Tumeletewa simu.

Si utani. Baada ya miaka mitatu ya kuandikiana kama watu wa enzi za wakoloni, mafundi wamekuja na nguzo zao, wamechimba, wamegombana, na sasa kuna simu mezani kwetu, nyeusi, inang'aa, na msimamizi anaifuta vumbi kuliko anavyofuta miwani yake. Kila mmoja amepewa dakika tano kila Jumapili. Mwenzangu wa malango ya maji alimpigia mama mkwe wake, akajuta.

Mimi zangu nimezitunza. Nitakupigia wewe. Sijasikia sauti yako tangu ile likizo ya mwaka juzi, na siku zile ulikuwa na mafua, kwa hiyo sihesabu. Likizo ya mwaka jana nilikukosa kwa sababu ya yale mafunzo yako ya kazi. Nikipita hospitalini kwenu nitakusikia kwenye mashine ya foleni inayoita namba kwa sauti yako, najua, lakini mashine hainiulizi kama nimekula.

Maji yako mita arobaini na moja na sentimita sita. Bado nashuka ngazi mia moja na kumi na nne kila asubuhi kwenda kusoma kijiti cha kupimia, na bado mwenzangu anacheka kwamba Kijiti anasoma kijiti. Ulinipa jina hilo nikiwa mwembamba, ukaniharibia hadi kazi.

Mdogo wako,
Kijiti

*

Nyumbani, 12 Februari

Kijiti wangu,

Barua yako imefika mkononi mwa Mama Mashuka wetu wa chumba cha kufulia, ambaye mume wake ndiye dereva wenu wa lori la dizeli, na kabla sijaifungua alikwishaniambia habari zote za simu. Siri hospitalini hapa ni kama sabuni, haikai mkononi. Ukiuliza hali yangu, sina la kukuumizia kichwa.

Nimefurahi kuhusu simu. Lakini yangu imekufa maiki. Nikiongea mtu ananisikia kama nimo ndani ya pipa, na fundi anasema kifaa chake kinaagizwa mbali. Tuendelee na barua. Barua unaweza kuirudia. Simu ikikatwa imekatwa.

Kazi ni ile ile, mafaili. Wagonjwa wa zamani wakisikia mashine ikiita kule mapokezi hunijia dirishani kuniuliza, "Si wewe huyo?" Nawaambia ndiye mimi, wa miaka kumi na miwili iliyopita, siku waliponifungia chumbani kunirekodi nikasoma moja mpaka mia, vyumba vinane na madirisha matatu, nikatoka koo limekauka, nikapewa soda moja ya moto.

Usinywe chai bila kula kitu.

Dada yako

*

Kituo cha bwawa, 3 Machi

Dada,

Jumapili nilipiga, pipa au si pipa. Akapokea mwanamume.

Nikasema naomba kuongea na mwenye simu. Kisha akasema, "Hayupo." Nikamuuliza amekwenda wapi. Akasema, "Ametoka," akakata. Sauti nzito, ya mtu aliyeshiba na kuvua viatu.

Wewe ni mtu mzima na mume wako, Mungu amrehemu, ametimiza miaka minane kaburini. Sikuulizi kama shemeji wala kama mkwe. Nakuuliza kama mdogo wako. Nani yule?

Kijiti

*

Nyumbani, 11 Machi

Mdogo wangu,

Punguza moto. Yule ni fundi bomba. Sinki la jikoni lilikuwa linavuja, nikatoka kununua mpira wa kufungia, simu nikaiacha mezani, naye kwa kimbelembele chake akaipokea. Nimemsema. Amekwenda zake na sinki limepona.

Huku kwetu hakuna jipya. Mama Mashuka anakusalimu.

Dada yako

*

Kituo cha bwawa, 25 Machi

Dada,

Mimi si mtoto. Jumapili iliyopita msimamizi alinipa simu yake ya ofisini, yenye namba nyingine, nikapiga saa moja asubuhi. Yule yule. Nikasikia anatafuna. Nikasema, "Naomba kuongea na dada yangu." Akameza, akasema, "Hayupo," safari hii kwa upole, kama anayemwonea mtu huruma, akakata.

Fundi bomba gani anayekunywa chai jikoni kwako Jumapili saa moja asubuhi? Na maiki iliyokufa mbona ilinisikilizisha hadi mkate unavyotafunwa?

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikashuka kusoma kijiti nikajiuliza, hivi nakasirikia nini? Kwamba hauko peke yako? Basi sitakuuliza tena. Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine. Si yako. Mpe mwenyewe, na usiifungue.

Kijiti

*

Kwa Bwana unayepokea simu ya dada yangu,

Sikujui jina na sina haja nalo. Mimi ni mdogo wake, kwa hiyo sina ubavu wa kukukataza wala kukuruhusu. Nimekutukana mara mbili baada ya kukata simu, mwenzangu ni shahidi, na ninakuomba radhi kwa mara moja. Ile nyingine ulistahili, mtu hajibu "hayupo" kama karani wa benki.

Nina mambo machache ya kukuambia ambayo yeye hatakuambia.

Mama yetu alikufa nikiwa na miaka sita, yeye ana kumi na saba. Hatukuwa na vitabu ndani. Usiku nilikuwa silali, basi akawa ananisomea chochote chenye maandishi: kalenda, maelezo ya kutumia jiko la mafuta, kikaratasi kilichokuja na chupa ya dawa. "Tikisa kabla ya kutumia. Weka mbali na watoto." Nilikuwa nikisikia sauti ile, nyembamba, inapanda kidogo mwisho wa sentensi, najua kwamba nyumba bado ina mwenyewe. Nina miaka arobaini na mbili sasa, na nilipolazwa kwa ngiri nilikaa foleni nikasikia ile mashine yao ikiita namba kwa sauti yake, maumivu yakapungua kabla sijamwona daktari. Usimwambie hilo. Atanicheka mpaka mwakani.

La pili. Dada hasemi anapoumwa. Mama naye alikuwa hivyo, "uchovu tu, wanangu," mpaka siku tuliyomkuta hainuki. Nikimwandikia dada ananijibu hana la kuniumizia kichwa. Mimi niko mbali, ninasoma anachotaka nisome. Wewe uko karibu. Akikuambia kichwa kinauma kidogo, kwake kidogo ni kingi. Akisema uchovu tu, mvalishe viatu umpeleke hospitali, hata kama ndiko anakofanya kazi.

La tatu, pete ya marehemu. Usimwombe aivue. Akitaka ataivua mwenyewe.

Mtunze. Sina dada mwingine na sina mama.

Mdogo wake

*

Nyumbani, 20 Aprili

Mdogo wangu,

Bwana ameipata barua yako. Niliifungua, ndiyo, nilikuwa na haki, utaona. Niliisoma jikoni nimesimama, nikamalizia nimekaa sakafuni.

Hakuna mwanamume, Kijiti. Ni mimi. Mara zote mbili ni mimi.

Ile mara ya kwanza namba ilikuwa ngeni, nikadhani ni hospitali wananipa tarehe yangu. Nikasema "halo," ukaniambia, "Naomba kuongea na mwenye simu." Wewe, niliyekufundisha kusema naomba. Hukunijua. Nikaona mdomo umekwishasema hayupo, na kwa kweli wakati ule niliamini nasema kweli.

Sasa nikueleze kwa utaratibu kama mtu wa mafaili. Nyuma ya pua, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Inaamrisha mengi, na mojawapo ni mwili kukua. Mtu akishakuwa mtu mzima amri hiyo hupungua. Yangu imeota uvimbe, si saratani, lakini unaendelea kuamrisha kana kwamba nina miaka kumi na mitano. Navaa viatu vya kiume, namba arobaini na nne. Taya limekuja mbele na meno yameachana. Koo nalo limenenepa ndani, ndiyo maana yale mafua uliyonikuta nayo hayakuwa mafua. Na ile pete sikuivua. Sonara aliikata kwa msumeno mdogo kidole kikiwa kimegeuka rangi, naye akaniomba samahani kila alipoukokota.

Mafunzo ya mwaka jana yalikuwa kitanda namba sita. Walipita puani wakatoa uvimbe, wakabakiza kipande kilichoukumbatia mshipa mkubwa wa damu, ambacho kisu hakiwezi kukigusa bila kuniua. Nachomwa sindano kila mwezi na haitoshi, moyo wangu unachoka. Sasa wanataka kukipiga mionzi. Daktari wa mionzi ni mama mfupi anayependa kuchora. Alinichorea kichwa changu na mistari karibu mia mbili ikiingia kutoka kila upande. Kila mwale ni dhaifu, unapita bila kufanya lolote la maana, lakini yote inakutana mahali pamoja tu, pale penye kipande, na hapo ndipo inapokuwa na nguvu. Ni siku moja. Hakuna kukata. Kipande hakitoki, kinanyamazishwa, na hakinyamazi siku hiyo. Ni mwaka, miwili, pengine zaidi.

Nikamuuliza, na sauti? Akaweka kalamu chini. Akasema moyo utapumzika, kichwa kitapoa, mikono huenda ikapungua. Sauti hakuiahidi. Alisema mara nyingi hubaki ilipofika.

Nimeahirisha mara mbili. Kila mtu hapa anadhani naogopa mashine. Siogopi mashine. Nisipokwenda, bado naweza kujidanganya kwamba sauti itarudi, na siku ikirudi nitakupigia kana kwamba hakuna lililotokea. Nikienda na isirudi, basi yule dada amekwisha. Watu wengine wananijua kwa sura au kwa kazi. Wewe ulinijua gizani, kwa sauti. Ndiyo hofu yangu, na ni ya kijinga, na ninayo.

Wamenipa tarehe 12 Juni. Ni ya tatu. Daktari amesema nisipoitumia, moyo hautanisubiri.

Dada yako

*

Kituo cha bwawa, 30 Aprili

Dada,

Hasira kwanza, niitoe. Uliingizwa vyuma puani nami nikiwa huku nakuandikia habari za mama mkwe wa mwenzangu. Ungekufa kitanda namba sita ningeambiwa na dereva wa lori. Umenifanyia kama Mama alivyotufanyia. Nimelia, na sitaki unifariji.

Sasa hasira imetoka.

Mvua zimeanza. Maji yamepanda hadi mita arobaini na saba, mbali na msimamizi tuko wawili tu kituoni na hakuna anayeruhusiwa kutoka mpaka Julai. Nimeomba, nimekataliwa, nimeomba tena nikafukuzwa ofisini. Sitakuwepo tarehe 12. Lakini wewe uwepo. Sikubembelezi: nenda.

Na jambo jingine. Jumapili tarehe 11 Mei, saa nne asubuhi, nitapiga. Mwambie yule bwana apokee. Nimemzoea.

Kijiti

*

Nyumbani, 13 Mei

Mdogo wangu,

Simu iliita mara kumi na moja. Nilikuwa nimekaa nayo mapajani. Nilikuwa nimefanya mazoezi tangu saa mbili, nikisema "halo" chooni mlango umefungwa, nikijaribu kuipandisha ile sauti mwisho wa neno kama zamani. Ilitoka kama mbuzi. Ulipopiga nikashindwa. Ulipokata nikaendelea kukaa.

Nisamehe. Usiniulize kuhusu tarehe 12. Sijui.

Dada yako

*

Kituo cha bwawa, 24 Mei

Dada,

Mara kumi na moja nilihesabu na mimi. Nilijua uko hapo. Mtu asiyekuwepo simu yake hulia kwa namna nyingine.

Sitapiga tena mpaka uniite mwenyewe. Ukiniita kesho, sawa. Ukiniita baada ya miaka mitano, nitakuwa nimenenepa, sawa vilevile. Ila tarehe 12 haina miaka mitano.

Kijiti

*

Nyumbani, 16 Juni

Mdogo wangu,

Nilikwenda.

Nikuambie ukweli, saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa bado kitandani nimejifunika. Mama Mashuka akaja kugonga. Akasema kupitia tundu la ufunguo kwamba ameomba ruhusa, ameazima viatu, amevaa gauni la harusi ya binti yake, na kama sitoki atakwenda kupigwa mionzi yeye. Nikacheka. Ukishacheka umekwishaamka.

Tukakaa mapokezi kama wagonjwa wote. Mashine ikaita, "Namba ishirini na nane, chumba namba nne." Ni mimi nilikuwa nikijiita, Kijiti. Yule wa miaka kumi na miwili iliyopita, hana wasiwasi wowote, sauti inapanda kidogo mwisho. Nikainuka kumfuata. Nilimwonea wivu mpaka mlangoni.

Chumba cha nne walinifunga fremu ya chuma kichwani ili kisisogee hata unywele. Sindano nne za ganzi, zinauma hizo, nisikudanganye, kisha skrubu nne, na skrubu haziumi, zinabana tu. Wakanipiga picha, wakakaa saa mbili na kompyuta zao wakipanga ile miale ipite wapi isiguse mishipa ya macho. Mimi na Mama Mashuka tukasinzia. Mara muuguzi akatoka akapiga kelele, "Mama wa fremu! Chumba cha tisa!" Chumba cha tisa ni kipya, mimi sikukisoma, kwa hiyo mashine haikijui. Kila mgonjwa wa mionzi anaitwa kwa kupigiwa kelele.

Ndani ni kulala tu. Kitanda kinakuingiza, wote wanatoka, mlango mzito unafungwa. Huoni kitu, husikii joto. Dakika hamsini. Nilikuwa nawaza ngazi zako mia moja na kumi na nne, nikishuka moja moja. Kisha fundi wa mionzi akaongea kwenye spika kutoka nje, "Mama, upo?"

Hapakuwa na mwingine wa kumjibu. Nikasema, "Nipo." Ikajaa chumba kizima, Kijiti. Nzito. Sikuwahi kuisikia ikiwa imeachiwa hivyo. Siku zote naibana. Akaniuliza tena baada ya muda, nikajibu tena, na mara ya tatu nilikuwa nangoja aulize.

Kichwa kiliuma siku moja. Alama nne za skrubu zinapona. Namba yangu ya damu, inayopima ile amri ya kukua, kabla ya mionzi ni 812, na wanataka ishuke chini ya 240. Nakuandikia kwa sababu wewe ni mtu wa namba.

Bado sijaweza kupiga.

Dada yako

*

Kituo cha bwawa, 28 Juni

Dada,

Nimesoma barua yako kwa sauti, mwenzangu akazima redio kusikiliza. Mpe Mama Mashuka shukrani zangu na umwambie lile gauni nataka kuliona.

812 nimeiandika kwenye daftari langu la maji, ukurasa wa nyuma, kwa wino. Nitumie kila utakayopewa. Na usikate tamaa ikichelewa. Mvua zikiisha sisi hufungua lango dogo, maji yanashuka sentimita mbili kwa siku. Ukisimama ukutani ukatazama hata wiki nzima, utaapa bwawa halijasogea. Wageni hutuuliza kama lango limeharibika. Sisi tunaosoma kijiti hatubishani nao.

Kijiti

*

Nyumbani, 9 Desemba

Mdogo wangu,

Septemba ilikuwa 790. Leo 744. Daktari anasema ndivyo inavyokwenda. Kichwa hakiumi asubuhi, na jana nilipanda ngazi za ghorofa ya pili bila kusimama kujifanya nasoma matangazo ukutani.

Sauti ipo palepale.

Mkuu wa mapokezi amenijia dirishani. Wamechoka kupigiana kelele, anataka nirekodi "chumba namba tisa" wakiongezee kwenye mashine. Nikamwambia haitaoana na zile za zamani, watu watacheka, atafute binti mwenye sauti nzuri. Akasema, "Lakini mashine ni yako, mama." Nimekataa. Hata hivyo hajatafuta binti.

Dada yako

*

Nyumbani, 14 Machi

Kijiti,

655. Viatu ni vile vile lakini vimeanza kucheza kisiginoni. Mama Mashuka anasema ni soksi. Mimi nasema si soksi.

Dada yako

*

Kituo cha bwawa, 2 Aprili

Dada,

Si soksi. Nimeandika kwa wino.

Kijiti

*

Mapokezi, benchi la tatu, 21 Agosti, saa tatu na robo asubuhi

Dada,

Usishtuke. Likizo imetoka mapema na lori lilikuwa na nafasi. Nilitaka kuja moja kwa moja dirishani kwako, lakini mlinzi hakutaka kusikia habari za undugu. Amenipa kikaratasi cha namba akanielekeza benchi. Naandika juu ya goti.

Nimekaa hapa nusu saa nakusikiliza. "Namba sitini na nane, chumba namba mbili." "Namba sitini na tisa, chumba namba sita." Wewe mtupu, yule wa tikisa kabla ya kutumia. Nikafumba macho, nikawa na miaka sita.

Kisha ukaita, "Namba sabini," ni wewe bado, inapanda kidogo mwisho, na hapohapo sauti nyingine ikapokea, nzito, ya taratibu, haina haraka na mtu: "chumba namba tisa."

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Mama aliye karibu nami akacheka, akasema, "Wewe mgeni eeh? Hao ni mke na mume, mke anaanza, mume anamalizia." Nikamwambia, "Si mume wake. Ni yeye mwenyewe." Akaniangalia, akasogeza mkoba wake upande wa pili.

Hukuniambia kwamba umekubali. Hukuniandikia hata mstari. Na mimi nilidhani siku nikiisikia sauti hii nitapata uchungu, nilijiandaa njia nzima, nikaja na leso. Lakini dada, mimi naijua. Ndiyo iliyoniambia "hayupo" kwa upole, ikinionea huruma. Nimeibeba kichwani mwaka mzima na nusu nikigombana nayo, nikiiomba ikutunze. Imekutunza. Leso nimeitumia, lakini si kwa ile sababu.

Mzee mmoja ametoka chumba cha tisa sasa hivi na alama nne za skrubu kichwani. Naye aliitwa na wewe akaingia, kabla sijafika. Sijui kama unajua wanavyoinuka wakikusikia.

Namba yangu ni sabini na tisa, dirisha la mafaili. Wamefika sabini na tano. Mashine ikifika kwangu itaniita kwa sauti ya zamani mwanzo mpaka mwisho, naijua, naipenda, na leo siitaki. Muuguzi mmoja amekubali kukuletea barua hii kabla ya hapo. Nilikuambia sitapiga mpaka uniite mwenyewe. Nimeshika ahadi, sikupiga, nimekuja.

Dirisha lako naliona kutoka hapa. Toa kichwa uniite.

Kijiti